Kasarani ni ya Nani? Stori Nzima ya Uwanja Uliojengewa Mbio, Ukaapisha Marais na Kufungia Watu

Uliza wasee watano ndani ya mat ya Thika Road Kasarani ni nini, utapata majibu matano. Mzee wa kiti cha mbele atakuambia ni pale michezo ya Afrika ilifanyiwa 1987. Jamaa wa siasa atakuambia ni pale marais huapishwa. Msee wa riadha atakutajia Omanyala. Mama wa Eastleigh anaweza kunyamaza kidogo, halafu akuambie ni pale ndugu yake alifungiwa 2014. Na yule wa jezi ya chungwa atakuambia ni pale alienda kumuaga Baba.

Wote wako sawa. Uwanja ni ule mmoja, lakini kazi imekuwa ikibadilika kila msimu. Tumekuwekea stori yote hapa, kuanzia mwanzo hadi sai, ndio siku mtu akianza kubishana kwa base ujue pa kumshikia.

Na ukisoma mpaka mwisho utaona kitu kimoja kinajirudia. Shida ya Kasarani mara nyingi haianzii kwa nyasi. Huanzia kwa geti.

KASARANI KWA UFUPI

Jina rasmi: Moi International Sports Centre, Kasarani.

Mahali: kando ya Thika Road, Nairobi, upande wa barabara ya kwenda Mwiki.

Ilijengewa nini: Michezo ya Nne ya Afrika, Agosti 1987.

Nani alisaidia kujenga: serikali ya Uchina.

Inabeba watu wangapi: ilijengwa kubeba 60,000. Baada ya kuwekwa viti vya mtu mmoja mmoja kwa ukarabati wa juzi, idadi imeshuka hadi kama 48,000.

Kuna nini ndani: uwanja mkubwa wenye njia ya kukimbilia, ukumbi wa ndani ambao wengi huuita jimu, bwawa la kuogelea, viwanja vya mazoezi na hoteli.

Nani anasimamia: Sports Kenya, shirika la serikali lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013. Ndio hao hao wa Nyayo.

1987: MOI ANAALIKA AFRIKA

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya Kasarani, Nairobi ilikuwa na City Stadium pale Jogoo Road, ile siku hizi inaitwa Joe Kadenge Stadium. Halafu 1983 ikaja Nyayo, yenye ilibeba kama watu 30,000. Kwa mechi ya ligi hiyo ilikuwa imetosha kabisa. Lakini Kenya ilikuwa imekubali kualika bara zima, na kwa mgeni kama huyo Nyayo ilikuwa ndogo.

Michezo ya Afrika ilikuwa imeanzia Brazzaville 1965, ikaenda Lagos 1973 na Algiers 1978. Nairobi ndiyo ilifuata, na ilichukua miaka tisa kufika. Kwa hivyo serikali ya Moi haikutaka kuaibika. Uchina ikasaidia na ujenzi, na pale nje ya mji, mahali wakati huo hapakuwa na hata robo ya maghorofa unayoona leo, pakaota uwanja mkubwa kuliko yote nchini.

Kuanzia tarehe 1 hadi 12 Agosti 1987, wanariadha wa Afrika walikuwa Nairobi. Harambee Stars walifika fainali ya soka wakapigwa na Misri 1-0. Hiyo fedha mpaka leo wazee wanaizungumzia ni kama waliangusha dhahabu kwa mtaro. Mwaka huo huo Gor Mahia walibeba Kombe la Washindi Afrika, lile watu waliita Mandela Cup, baada ya sare mbili na Espérance ya Tunisia: 2-2 kule Tunis na 1-1 hapa Nairobi. Bao za ugenini ndizo ziliamua.

Yaani 1987 ulikuwa mwaka ambao Mkenya angeweza kuamini uwanja ni wa michezo, na michezo ni yetu. Shika hiyo picha, juu kuanzia hapa mambo inageuka.

2002 HADI 2007: WANASIASA WANAPATA FUNGUO

Ukijenga ukumbi mkubwa wenye paa, parking na hoteli, usishangae wanasiasa wakiunusa. Jimu ya Kasarani ikawa mahali pa kufanyia mikutano ya vyama.

Tarehe 18 Machi 2002, KANU ya Moi na NDP ya Raila Odinga ziliungana hapo. Raila akatoka hapo akiwa katibu mkuu wa KANU. Ndio, ile KANU ambayo serikali yake ilimfunga miaka mingi bila kesi. George Saitoti, aliyekuwa makamu wa rais, aliingia akiwa mtu mkubwa akatoka akiwa hana cheo chochote kwa chama.

Miezi saba baadaye, tarehe 14 Oktoba 2002, KANU ilirudi Kasarani kumteua Uhuru Kenyatta agombee urais. Siku hiyo hiyo Raila alikuwa Uhuru Park na upinzani, na hapo ndipo alisema Kibaki tosha. Yaani historia ya nchi siku hiyo iliamuliwa kwa viwanja viwili vya Nairobi, kimoja ndani ya paa na kingine kwa jua. Unajua nani alishinda.

Tarehe 1 Septemba 2007 ikawa zamu ya ODM. Raila akapata tiketi yake ya urais Kasarani. Septemba 2016 Jubilee wakavunja vyama vyao vidogo na kuzindua chama kimoja hapo. Tarehe 10 Desemba 2021 Raila alirudi na Azimio, akatangaza anagombea mara ya tano. Machi 2022 UDA nao wakamwidhinisha William Ruto hapo hapo.

Ukihesabu hiyo orodha utaona kitu: ni vigumu kumpata mwanasiasa mkubwa wa hii miaka ishirini ambaye hajafanyia Kasarani jambo lake kubwa. Wanatukanana kwa runinga, wanahama vyama, lakini ukumbi hawabadilishi.

2013: KIAPO KINAHAMA UHURU PARK

Kibaki aliapishwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, mbele ya umati ambao hadi leo picha zake zinatisha. Watu walikuwa kila mahali, hadi njia ya magari ya wakubwa ilikuwa shida. Mwaka wa 2007 yeye huyo huyo aliapishwa Ikulu, jioni, haraka haraka, na nchi ikawaka.

Kwa hivyo 2013 serikali ilitaka mahali pakubwa lakini panaweza kufungwa. Kasarani ina ukuta, ina geti, ina viti vya kuhesabu. Tarehe 9 Aprili 2013 Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto wakaapishwa hapo.

Kutoka hapo ikawa desturi. Tarehe 28 Novemba 2017 Uhuru aliapishwa tena Kasarani, baada ya uchaguzi kurudiwa. Asubuhi hiyo uwanja ulijaa mapema na walioachwa nje wakasukuma geti. Makarao wakajibu na vitoa machozi. Hao walikuwa mashabiki wa rais mwenyewe, wamekuja kumshangilia. Upande mwingine wa mji, wafuasi wa Raila walikuwa wanataka kukutana uwanja wa Jacaranda kuomboleza watu wao, na polisi wakawazuia. Siku moja, mji mmoja: walioalikwa walilia na gesi na ambao hawakualikwa pia wakalia na gesi.

Tarehe 13 Septemba 2022 Ruto naye akaapishwa Kasarani. Watu walianza kuingia usiku. Kufika alfajiri uwanja ulikuwa umejaa na nje bado kulikuwa na bahari ya watu. Wakasukumana kwa geti, wengine wakaangukiana, na makumi wakaumia.

APRILI 2014: UWANJA UNAKUWA KITUO CHA POLISI

Hii sehemu watu wengi wa rika letu hawaijui vizuri, na inafaa ijulikane.

Baada ya shambulio la Westgate Septemba 2013, na milipuko ya Eastleigh mwisho wa Machi 2014, serikali ilianzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Polisi waliingia Eastleigh na mitaa mingine, nyumba kwa nyumba, wakitafuta washukiwa wa ugaidi na watu wasio na karatasi. Maelfu walikamatwa. Wengi walikuwa Wasomali: wakimbizi, wageni, na pia Wakenya wenye kitambulisho halali kabisa.

Seli hazikutosha. Kwa hivyo watu wakapelekwa Kasarani. Na ili hiyo kitu ionekane ni halali, Inspekta Jenerali wa polisi wakati huo, David Kimaiyo, alitoa notisi kwa gazeti rasmi la serikali kutangaza uwanja huo kuwa kituo cha polisi.

Soma hiyo tena pole pole. Uwanja ambao Kenya ilijenga kukaribisha Afrika yote, miaka 27 baadaye ukageuzwa mahali pa kufungia watu wakisubiri kuthibitisha wao ni nani. Familia zilisimama nje na vyeti mkononi zikitafuta watu wao. Mashirika ya haki za binadamu, ndani na nje ya nchi, yalilalamika kuhusu watu kuzuiliwa zaidi ya muda wa kisheria na kuhusu hongo. Baadhi ya waliokamatwa walifukuzwa nchini, wengine wakasafirishwa hadi kambi za wakimbizi.

Mwaka mmoja kabla, geti hilo hilo lilikuwa linafunguliwa kwa wageni wa rais. Geti haina shida na nani anaingia. Inategemea nani ameishika.

2015: OBAMA, PAPA NA JINA LA KAMPUNI

Huu ndio wakati Kasarani ilikuwa na jina la biashara. Safaricom walilipia haki ya jina, na kwa miaka kadhaa matangazo rasmi yalikuwa yanasema Safaricom Stadium Kasarani. Lakini hakuna makanga aliwahi kuita hivyo. Makanga alibaki na Kasarani tu. Doh inaweza kununua bango lakini mdomo wa mtaa ni ngumu kununua.

Tarehe 26 Julai 2015, Barack Obama alihutubia Wakenya kwa ule ukumbi wa ndani, baada ya kukaribishwa jukwaani na dadake Auma. Aliongea kuhusu ufisadi, ukabila na vile wasichana wanafaa kusomeshwa kama wavulana.

Miezi minne baadaye, tarehe 27 Novemba 2015, Papa Francis alikutana na vijana kwa uwanja mkubwa. Aliweka kando hotuba iliyoandikwa, akajibu maswali yao. Alifananisha ufisadi na sukari: ni tamu, inaingia rahisi, halafu inakuharibu. Kisha akaomba watu wote uwanjani washikane mikono kuonyesha kukataa ukabila, na uwanja mzima ukasimama ukashikana.

Hapo ndipo unaona uwanja unaweza kufanya kitu ambacho hakuna runinga inaweza. Watu ambao kwa kura hawakubaliani walishikana mkono na mtu wasiyemjua jina.

2017 HADI 2021: MBIO ZINARUDI NYUMBANI

Usidhani siasa ilimaliza michezo. Kati ya 2017 na 2021 Kasarani ilikumbuka kazi yake.

Tarehe 12 hadi 16 Julai 2017 Nairobi iliandaa Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa walio chini ya miaka 18. Nchi kadhaa kubwa, zikiwemo Marekani na Uingereza, zilikataa kuja zikisema usalama si mzuri. Wakenya walijibu kwa kujaza uwanja kwa mashindano ya watoto, kitu ambacho hata miji mikubwa ya Ulaya inashindwa. Hayo ndiyo yalikuwa mashindano ya mwisho ya rika hilo.

Lakini miezi miwili tu baadaye tukapata aibu. Kenya ilikuwa iandae CHAN ya 2018. Viwanja havikuwa tayari, na Septemba 2017 CAF ikatupokonya. Mashindano yakapelekwa Morocco, na Morocco wakayabeba.

Tarehe 7 Julai 2019 Everton ya Uingereza walikuja Kasarani kucheza na Kariobangi Sharks. Sare ya 1-1, halafu Sharks wakashinda kwa penalti 4-3. Timu ya mtaa ikapiga timu ya Premier League nyumbani. Siku hiyo hiyo Joe Kadenge, gwiji wa soka ya Kenya, aliaga dunia. Furaha na kilio vilikuja Jumapili moja.

Juni 2021 Safari Rally ilirudi kwa mashindano ya dunia baada ya miaka 19, na barabara ya kufungua mbio ikatengenezwa kwa viwanja vya Kasarani. Ndio, magari pia yamekimbia hapo.

Agosti 2021, kutoka tarehe 18 hadi 22, yakaja Mashindano ya Dunia ya walio chini ya miaka 20, yaliyoahirishwa mwaka mmoja juu ya Korona. Kenya iliongoza jedwali la medali. Angalia majina yaliyopita hapo: Emmanuel Wanyonyi alishinda mita 800, na Letsile Tebogo wa Botswana akashinda mita 100. Miaka mitatu baadaye kule Paris, Wanyonyi alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 800 na Tebogo bingwa wa mita 200. Dunia iliwaona Paris. Kasarani iliwaona kwanza wakiwa watoto.

Na tarehe 18 Septemba 2021, kwa Kip Keino Classic, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Hiyo ni rekodi ya Afrika. Trayvon Bromell wa Marekani alimpita na sekunde moja ya mia, 9.76, lakini hakuna mtu Nairobi anakumbuka hilo. Mkenya kukimbia mita 100 hivyo ilikuwa ni kama kuambiwa Mswisi ameshinda mashindano ya kupika ugali.

2024: NYUMBANI NI MALAWI

Halafu tukalala tena. Viwanja vyetu vikakosa kufikia kiwango cha CAF na FIFA, na Harambee Stars wakawa wakimbizi. Juni 2024 mechi zetu za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Ivory Coast, zilichezwa Lilongwe, Malawi. Baadaye mwaka huo "nyumbani" ikawa Kampala.

Fikiria wewe ni shabiki wa Githurai. Uwanja uko karibu na kwako, mat ni dakika chache, lakini kuona timu yako ikicheza nyumbani inabidi upande basi ulale njiani hadi Uganda. Hiyo ndiyo ilikuwa hali.

AGOSTI 2025: CHAN, NA GETI TENA

Mwishowe ukarabati ukafanyika na CHAN ikaja, Kenya, Uganda na Tanzania zikiandaa pamoja. Kasarani ikawa uwanja wa timu ya Kenya.

Na Stars wakawaka. Tarehe 3 Agosti, Kenya 1 DR Congo 0, bao la Austin Odhiambo. Tarehe 7, sare ya 1-1 na Angola. Tarehe 10, Kenya 1 Morocco 0, Ryan Ogam akifunga halafu timu ikicheza na watu kumi kwa muda mrefu. Tarehe 17, Zambia nao wakalala 1-0, Ogam tena. Kocha Benni McCarthy akawa mtoto wa nyumbani. Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji milioni moja kwa kila ushindi, na mtaa ukawa unahesabu pamoja nao.

Lakini nje ya uwanja, stori ya zamani. Watu bila tiketi walivunja vizuizi wakaingia. CAF ikapiga Kenya faini, na kwa mechi ya Zambia ikapunguza mashabiki hadi 27,000, tena wenye tiketi za kielektroniki pekee. Uwanja ukarabatiwe kwa doh ya walipa ushuru, halafu nusu ibaki wazi juu hatujui kupanga foleni na wasimamizi hawajui kufungua milango mapema. Iliuma.

Robo fainali, tarehe 22 Agosti, Madagascar walitutoa kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1. Fainali ya tarehe 30 ilikuwa Kasarani hapo hapo: Morocco 3 Madagascar 2. Sisi tukatazama wageni wakibeba kombe kwa sebule yetu.

OKTOBA 2025: KUMUAGA BABA

Tarehe 15 Oktoba 2025 Raila Odinga alifariki nchini India. Kesho yake mwili ulipofika, umati uliufuata kutoka uwanja wa ndege. Mpango wa kwanza ulikuwa mwili upelekwe bungeni watu wautazame. Umati ulikuwa mkubwa kuliko mpango, kwa hivyo serikali ikabadilisha: Kasarani.

Hebu fikiria hiyo. Hapo ndipo aliunganisha chama chake na KANU 2002. Hapo ndipo alipewa tiketi 2007. Hapo ndipo alitangaza safari yake ya mwisho ya kuitafuta Ikulu. Mara tatu za kiapo, yaani 2013, 2017 na 2022, zote alikuwa amegombea, na zote aliyeingia Kasarani kuapa alikuwa mtu mwingine. Sasa alikuwa analetwa hapo akiwa amelala.

Watu walijaa. Umati ulipovunja geti moja na kusonga karibu na jukwaa, maafisa wa usalama wakatumia vitoa machozi na risasi. Watu kadhaa walikufa. Walikuwa wamekuja kulia.

Kesho yake, tarehe 17, ibada ya kitaifa ilifanyika Nyayo, kama zilivyofanyika za Moi 2020 na Kibaki 2022. Huko pia watu walisukumana na wengine wakaumia. Nyayo yenyewe ina kovu lake: tarehe 23 Oktoba 2010, kwa mechi ya Gor na AFC Leopards, watu saba walikufa kwa msongamano wa geti.

KWA NINI GETI INAUA

Wengi hudhani kwa msongamano watu hufa kwa kukanyagwa. Mara nyingi sivyo. Watu hufa wakiwa wamesimama, juu kifua kimebanwa hadi hakiwezi kupanuka kuvuta hewa. Na anayesukuma kule nyuma hajui kitu. Yeye anaona tu mstari hausongi, anadhani wa mbele wanazembea, anaongeza nguvu. Ongeza kitoa machozi hapo na kila mtu anakimbilia mlango ule ule mmoja.

Kwa hivyo ukiona watu wanasema "Wakenya hawana nidhamu", uliza pia: milango ilikuwa imefunguliwa mingapi? Ilifunguliwa saa ngapi? Kulikuwa na mtu wa kuambia walio nyuma kwamba kumejaa?

Na wewe ukienda, shika haya:

1. Fika mapema kuliko vile unadhani ni mapema. Kama umechelewa na nje kumejaa, rudi. Mechi iko kwa runinga.

2. Ukiingia, angalia milango mingine kabla hujaketi. Wengi hukimbilia ule waliingilia.

3. Ukianza kuhisi kubanwa pande zote, weka mikono mbele ya kifua kama bondia upate nafasi ya kupumua. Usipige kelele bure, hewa ni ya kuweka.

4. Usisukume kinyume na umati. Songa na yeye, lakini kwa upande, pole pole, hadi ufike ukingoni. Kaa mbali na kuta na vizuizi.

5. Kitu ikianguka, iwe ni simu au kiatu, iache. Ukianguka wewe, amka haraka uwezavyo. Mwenzako akianguka, mvute juu.

6. Mkienda na watoto ama wazee, kubalianeni mahali pa kukutana nje kabla ya kuingia, juu mtandao hukwama uwanja ukijaa.

NINI INAFUATA

Mwaka wa 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zinaandaa AFCON. Serikali inajenga uwanja mpya, Talanta, pale Jamhuri karibu na Ngong Road, wa kubeba watu 60,000. Talanta ukimalizika, Kasarani haitakuwa tena uwanja pekee wa mambo makubwa.

Labda hiyo itaipa nafasi ya kupumua. Labda itapata siku nyingi za wanafunzi wa shule wakikimbia asubuhi, na siku chache za helikopta na majukwaa. Ama labda tutapata tu uwanja wa pili wenye shida ya kwanza: kiwanja safi, viti vipya, na geti moja iliyofunguliwa nusu huku watu elfu kumi wakiwa nje.

Kasarani imebeba kila kitu tuliyoitupia kwa karibu miaka arobaini. Mbio, mipira, magari, viapo, maombi, mahabusu na jeneza. Haijawahi kukataa. Kazi ya kuchagua nini kinaingia na watu wanatoka aje si ya uwanja. Ni ya wale wameshika funguo, na ni ya sisi wenye tunalipa ushuru wa hizo funguo. Kwa hivyo siku watatangaza tukio lingine kubwa hapo, kabla uulize nani anacheza ama nani anaapishwa, uliza kwanza: mmefungua milango mingapi?